Garaji Kuwa Chumba: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Goma

Garaji hujengwa kwa ajili ya kitu kisichopumua wala kulala. Sakafu yake ina mteremko ili maji yatoke, ukuta wake haukuwekewa kizuizi cha unyevu, na mlango wake una nafasi chini ambayo upepo na vumbi vinapita. Ndiyo maana anayepaka rangi, akaweka karo (vigae) na kitanda, baada ya msimu mmoja wa mvua anaanza kuona ukungu kwenye pembe na rangi inayobambuka karibu na sakafu. Kazi yote ya kugeuza garaji inaanzia chini, kwenye ardhi na sakafu. Rangi ni ya mwisho kabisa.

Hesabu za mwongozo huu ni za garaji la kawaida la gari moja: mita 3 kwa mita 6, yaani mita za mraba 18, lenye ukuta wa urefu wa mita 2.5 hivi na tundu la mlango la mita 2.5 kwa 2.1. Kama lako ni kubwa au dogo, badilisha vipimo kwa uwiano huohuo.

Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simenti

Goma kuna swali ambalo miji mingine haina: je, hapo mahali pana mazuku? Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inajikusanya mabondeni, mashimoni, na kwenye vyumba vilivyo chini ya usawa wa ardhi. Haina rangi. Inazidi usiku na alfajiri, wakati hewa imetulia na baridi, saa ambazo watu wamelala. Maeneo yanayojulikana zaidi yapo magharibi mwa mji, kuelekea Lac Vert na Bulengo hadi njia ya Sake, lakini shimo lolote katika ardhi hii linastahili kuangaliwa.

Dalili ni hizi: mijusi, panya, ndege au kuku wanaokutwa wamekufa asubuhi mahali palepale, nyasi zilizokauka kwa umbo la duara au mstari, kibiriti kinachozimika ukikiteremsha karibu na sakafu. Hapa tusisitize: mwali unaoendelea kuwaka si ushahidi kwamba mahali ni salama, kwa sababu gesi huanza kumdhuru mtu kabla haijafikia kiwango cha kuzima moto. Kama garaji lako liko chini ya usawa wa kiwanja na una shaka yoyote, uliza kwenye Observatoire Volcanologique de Goma (kituo cha kuchunguza volkano), wanaoijua gesi hii na wenye vifaa vya kuipima. Mahali penye mazuku pasigeuzwe chumba cha kulala. Hakuna tundu la hewa wala feni inayoponya kasoro hiyo, maana gesi ikitoka nje ya ukuta, tundu la chini ndilo litakaloiingiza.

Swali la pili ni maji. Sehemu nyingi za katikati ya mji, barabara zilijengwa upya juu ya lava (mwamba ulioyeyuka ukaganda) ya mlipuko wa volkano wa Januari 2002, nyumba zilizonusurika zikabaki chini ya barabara. Garaji la nyumba ya namna hiyo hupokea maji ya barabara nzima. Simama pale siku ya mvua kubwa, kati ya Septemba na Desemba au kati ya Machi na Mei, uone maji yanakotoka na yanakokwenda. Usipoweza kuyageuza kwa mfereji, usianze.

Tatu, makaratasi. Kama umepanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, mkitaja nani atalipia nini na vitu gani vitabaki ukihama. Kama ni mali yako, pita ofisi ya urbanisme (mipango miji) kabla ya kuvunja ukuta au kubadilisha sura ya mbele. Dirisha linalotazama kiwanja cha jirani lizungumzwe naye mapema, kabla fundi hajapiga nyundo.

Garaji la bloki, na garaji la vibao vya zege

Mengi ya Goma ni ya bloki za simenti za sentimita 15. Hayo ni rahisi, ukuta unabeba paa na unaweza kutobolewa kwa utaratibu.

Lakini yapo ya vibao vya zege vilivyomiminwa kabla, vilivyopangwa kati ya nguzo zenye mifereji au kufungwa kwa bolti. Kibao chake huwa na unene wa sentimita 4 hadi 5 tu. Usikikate katikati kutafuta dirisha: vibao vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe, na ukitoa kimoja nguzo inaweza kuhama. Wala usikipige misumari ya kubebea kabati. Dirisha na mlango viwekwe kwenye tundu la mlango wa gari, palipo wazi tayari. Angalia bolti: penye kutu inayotoa magamba, badilisha moja moja, usifungue mbili kwa pamoja.

Kwa garaji hilo njia bora ni ukuta wa pili ndani, wa bloki za sentimita 10, ukiachana na vibao kwa sentimita 4 ili unyevu usivuke. Chini ya ukuta huo zege la sakafu liwe nene, sentimita 20. Utapoteza sentimita 15 hivi kila upande, upana wa mita 3 ubaki karibu 2.7. Kwa pande tatu utahitaji bloki 450. Ukuta mwembamba wa mita 6 usisimame bila msaada: weka nguzo ya zege kila mita 3 na mkanda wa zege juu yake kuzunguka. Waliokuwa mjini baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 wanakumbuka jinsi ardhi ilivyotikisika siku kadhaa na kuta zikapasuka. Ukuta usiofungwa juu ndio unaoanguka kwanza.

Mafuta sakafuni

Hatua hii watu wanairuka. Zege lililonywa mafuta ya injini halishiki chochote juu yake, na harufu ya petroli hurudi chumba kikifungwa. Mwaga vumbi la mbao au jivu kavu juu ya doa, acha usiku kucha, fagia. Kisha sugua kwa brashi ya waya, maji ya moto na sabuni ya unga, rudia mara tatu. Jaribu kwa tone la maji: likisimama kama ushanga, mafuta bado yapo. Doa lililozama lichongwe kwa patasi sentimita 2 au 3 na lizibwe upya.

Baada ya hapo pima unyevu. Gundisha kipande cha plastiki cha mita moja kwa moja sakafuni kwa utepe pande zote, kiache siku mbili. Ukikuta matone chini ya plastiki, unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukiyakuta juu yake, ni hewa ya chumba inayoganda, na dawa yake ni upitishaji wa hewa. Mara nyingi utakuta yote mawili.

Sakafu mpya

Sakafu ya garaji ina mteremko wa asilimia 1 hadi 2. Kwa mita 6 hiyo ni tofauti ya sentimita 6 hadi 12 kati ya nyuma na mlango. Fundi wa haraka atasawazisha kwa kumwaga zege tupu: nyuma sentimita 5, mbele 17. Hizo ni karibu mita 2 za ujazo na mifuko 14 ya simenti, bila faida yoyote.

Ujaze mteremko kwa puzolani, ile changarawe nyeusi nyepesi ya volkano ambayo Goma haikosekani. Mashimo yake makubwa hayavuti maji kwenda juu kama udongo unavyofanya. Kwa mteremko wa sentimita 12 utahitaji mita ya ujazo 1, nunua 1.3 kwa sababu ikishindiliwa inapungua. Ishindilie kwa tabaka za sentimita 7 au 8. Usitumie udongo mwekundu wala kifusi chenye plasta, vinashika maji.

Puzolani ina ncha kali. Ukiitandikia plastiki moja kwa moja itaitoboa na kazi yote itakuwa bure. Weka kwanza mchanga laini wa sentimita 2, uulaze kwa ubao, ndipo utandike plastiki nene ya mikroni 200. Vipande vipandane kwa sentimita 20, viunganishwe kwa utepe, na kingo zipande ukutani hadi juu ya usawa wa sakafu mpya. Mafundi wakitembea juu yake wavue viatu vyenye misumari na wasiburute toroli.

Juu ya plastiki mimina zege la sentimita 7, kwa ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga, tatu za kokoto ngumu ya lava iliyopondwa. Ni mita za ujazo 1.26, yaani mifuko 9 ya kilo 50. Katikati ya unene weka wavu wa nondo za milimita 6, mraba wa sentimita 20, ukiuinua kwa vijiwe. Wavu unaolala juu ya plastiki hausaidii kitu. Gawa sakafu katikati kwa mstari wa mkato ili vipande viwe mita 3 kwa 3, maana zege likikauka linajivuta, na usipolipatia mahali pa kupasukia litachagua lenyewe.

Kokoto ikiwa ya puzolani, iloweshe siku moja kabla. Ikiwa kavu inanyonya maji ya zege, fundi anaongeza maji, na zege linakuwa dhaifu. Zege zuri husimama kwenye koleo. Likitiririka kama uji, maji yamezidi.

Maji Goma yana bei na bidoni (madumu) ni nzito kubeba, kwa hiyo wengi huacha kumwagilia zege siku ya pili. Ndipo linapotoa vumbi daima. Lifunike kwa plastiki mara linapokuwa gumu, ulowanishe chini yake mara moja kwa siku kwa siku 7. Plastiki huokoa maji mengi sana.

Kwa mpango huu sakafu inapanda sentimita 9 nyuma na kama 21 mlangoni. Hilo ni jambo jema, kizingiti kinakuwa juu ya ua na maji hayaingii. Ila pima kimo kwanza: chumba kikibaki chini ya mita 2.30, fikiria kuinua paa au kuacha.

Kuziba mlango wa gari

Chini ya mlango wa gari mara nyingi hakuna msingi, ni ukingo wa sakafu tu. Chimba mtaro wa upana wa sentimita 30 hadi ufike kwenye lava ngumu, ambayo mara nyingi haiko mbali. Ifagie na uioshe, uichonge iwe na mikwaruzo, mimina zege. Hapo ukuta mpya na wa zamani vitakaa juu ya kitu kimoja. Ukuta mpya uliojengwa juu ya udongo utashuka, na wa zamani hautashuka.

Mlango wa sentimita 90 na dirisha la mita moja kwa moja vikitolewa, unabaki na ukuta wa mita za mraba 2.4 hivi. Kwa bloki za 40 kwa 20 hesabu ni bloki 12.5 kwa mita ya mraba: 30, nunua 35 kwa ajili ya zitakazovunjika. Tafuta bloki inayolia ukiigonga na isiyomomonyoka pembe ukiikwaruza kwa msumari. Nyingi zinazouzwa barabarani zimekaushwa juani bila maji na zina simenti kidogo.

Funga ukuta mpya kwenye wa zamani: kila kozi (safu za bloki) mbili toboa sentimita 10, safisha tundu, weka nondo ya milimita 8 kwa mota (mchanganyiko wa simenti na mchanga), na iingie sentimita 40 katika mota ya ukuta mpya. Bila hizo, ufa wa wima utatokea pembeni ndani ya miezi michache, hata fundi akiuziba kwa rangi mara ngapi. Nafasi ya juu, chini ya linto (boriti ya juu ya tundu) ya zamani, usiijaze siku hiyohiyo. Mota mbichi inashuka. Subiri siku 5, kisha sukuma mota kavu kwa nguvu.

Chumba cha mita 18 za mraba kinataka madirisha yasiyopungua mita 1.8 za mraba. Kwa hiyo la mbele peke yake halitoshi, tafuta jingine ukuta wa nyuma ili hewa ivuke. Kwenye ukuta wa bloki, shikilia paa kwa miti kabla ya kukata, kaa mbali na pembe kwa sentimita 60, na weka linto ya zege ya sentimita 15 kwa 20 inayokalia ukuta sentimita 20 kila upande: nondo mbili za milimita 10 chini, mbili za milimita 8 juu, na pete za milimita 6 kila sentimita 20. Nondo nene zikae chini, ndiko mvuto ulipo. Linto zinazopasuka, nyingi ziligeuzwa. Kizingiti cha nje cha dirisha kiwe na mteremko, na chini ya ukingo wake mfereji mdogo wa kukatia maji.

Paa na plafo (dari)

Funga mlango saa sita mchana, simama ndani gizani, tazama juu. Kila nyota unayoiona ni tundu. Moshi wa Nyiragongo hufanya mvua kuwa na asidi, na manjanja (mabati) ya hapa huoza mapema, hasa kwenye misumari na penye mapandano. Ukibadilisha, chukua geji 28, ni nene kuliko 30 au 32. Geji 32 ni ya muda.

Kama paa ni la shuka za zamani za kijivu zenye asbesto, usizikate, usizitoboe wala kuzisugua kwa brashi. Vumbi lake linaharibu mapafu. Zikiwa nzima, ziache na uweke plafo chini yake. Zikivunjika, ziloweshwe na zitolewe nzimanzima, na vipande visiachwe kiwanjani watoto wachezee.

Plafo ni lazima. Manjanja tupu yanapiga kelele ya mvua hadi mtu hasikii simu, na usiku wa baridi jasho linadondoka kitandani. Mbao za plafo zipangwe kila sentimita 61, katikati hadi katikati, maana shuka ya tripleksi (plaiwudi) ni 122 kwa 244 na kila ukingo utakutana na mbao. Kwa urefu wa mita 3 mbao itapinda, hivyo ifungwe katikati kwa kipande kinachoning'inia kutoka kenchi. Shuka 8 za milimita 4 zinatosha pamoja na mabaki ya kukata. Acha nafasi ya hewa ya sentimita 20 juu ya plafo, na matundu yenye wavu pande mbili, panya wasiingie.

Maji ya paa yasianguke miguuni pa ukuta. Weka mfereji wa paa hadi kwenye tanki. Ni mazuri kwa kufulia na kujengea, lakini si ya kunywa: mvua inayopita katika moshi wa volkano hubeba asidi na floridi.

Ukuta kwa nje na ndani

Teremsha ardhi ya nje hadi iwe sentimita 15 chini ya sakafu mpya. Udongo ulioegemea ukuta ndio chanzo cha unga mweupe wa chumvi ndani. Chimba mtaro wa sentimita 30, ujaze puzolani.

Kabla ya lipu, mafundi wa umeme wapitishe mabomba yao. Halafu pima mchanga: jaza chupa nusu, ongeza maji, tikisa, acha masaa matatu. Tabaka la udongo juu ya mchanga wa sentimita 15 lisizidi sentimita moja. Mchanga wenye vumbi jingi unataka maji mengi, na lipu inapasuka kama matope yaliyokauka. Ndani changanya simenti moja kwa mchanga tano, nje moja kwa nne, unene wa sentimita 1.5. Kuta za ndani zinakula kama mifuko 5 na mita moja ya ujazo ya mchanga. Lowesha bloki kwanza. Rangi ya mafuta isubiri wiki 4, vinginevyo unyevu uliofungiwa utaitoa malengelenge.

Umeme na moto

Taa zitumie waya wa milimita za mraba 1.5 na disjonkta (swichi inayojikata yenyewe) ya ampea 10, prizi (soketi) waya wa 2.5 na ampea 16, kila moja na laini yake, zikilindwa na disjonkta ya miliampea 30, ile inayokata umeme unapovuja. Kuvuta waya kutoka prizi ya sebule ni kuiunguza sebule.

Waya wa ardhi ni tatizo la kweli juu ya lava: fimbo haiingii, na mwamba haupitishi umeme vizuri. Zika waya mtupu wa shaba wa milimita za mraba 25 katika mtaro mrefu, mita 10 hadi 15, uufunike kwa udongo laini unaoshika unyevu, na fundi aupime kwa kifaa kabla ya kuufukia. Fundi asiye na kifaa hicho, tafuta mwingine kwa kazi hiyo.

Garaji likishazibwa vizuri halipitishi tena hewa kama zamani. Kwa hiyo toboa tundu la hewa la sentimita 15 kwa 15 karibu na sakafu na jingine juu upande wa pili, yenye wavu, yasiyofungika. Hata hivyo mbabula (jiko) ya makala (makaa) isiingizwe ndani kupasha joto usiku, na jenereta isikae mlangoni wala chini ya dirisha. Gesi ya makala haina harufu, na anayelala haamki kuifungua milango.